Barua ya wazi: Kifungo kina tarehe ya kwisha, rekodi haina

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya sheria za jinai, kumbukumbu za alama za vidole na masuala ya ajira

YAH: OMBI LA KUWEKA UKOMO WA REKODI YA JINAI KWA MTU ALIYEMALIZA ADHABU YAKE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, Temeke na Ilala. Kazi yetu ya kila siku ni kufuatilia nakala za hukumu, kuwasaidia watu kuandika notisi za rufaa na kuwaeleza ndugu wa mahabusu utaratibu wa dhamana. Haya tunayoyaandika tuliyaleta kwanza kwa barua za kawaida, mara mbili. Zilipokelewa masjala, nakala zetu zikagongwa muhuri, tukaambiwa zinafanyiwa kazi. Jibu halikuja. Leo tunaandika hadharani, kwa heshima ileile.

Mtu akihukumiwa miezi sita Ukonga au Segerea, siku ya kutoka inajulikana tangu siku anayoingia, na akiwa na mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja. Akihukumiwa faini, anapewa risiti. Lakini hakuna sheria katika nchi yetu inayotaja siku ambayo kutiwa hatiani kwake kutaacha kuulizwa. Aliyeiba simu Kariakoo akiwa na miaka 19 ataulizwa habari zake akiwa na 49, kwenye fomu ileile ya kuomba kazi, na kwa uzito uleule wa mtu aliyehukumiwa mwezi uliopita. Hakimu hakutoa adhabu hiyo. Hakuna aliyeipima wala aliyeiandika, na ndiyo inayodumu kuliko zote.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Watu wanakiri kosa bila kujua wanachokitia saini maishani mwao.

Tunaomba mlitazame jambo hili kwa karibu, maana rekodi nyingi ndogondogo tunazokutana nazo zimezaliwa hapa. Mshtakiwa amelala mahabusu ya kituo siku mbili. Asubuhi anapandishwa kizimbani, anasomewa shtaka, anaulizwa: ni kweli au si kweli? Pembeni ameshanong'onezwa na mwenzake kwamba ukikataa utarudishwa ndani, kesi itaahirishwa, dhamana itataka barua za serikali ya mtaa na wadhamini wawili; ukikubali, unalipa faini unaondoka. Anajibu, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, mshtakiwa anaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi, anajibu tena kuwa ni sahihi, na hapo mahakama inamtia hatiani. Kaka yake anatoka mbio kutafuta pesa, analipa, wanapanda daladala kurudi Mbagala. Nyumbani wanasema yamekwisha.

Hayajaisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimruhusu mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaruhusiwa kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Mahakama za juu zimeacha upenyo kidogo, kwa mfano pale ambapo kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au maelezo yaliyosomwa hayakuonyesha kosa lolote, lakini upenyo huo unahitaji mwanasheria na mwenendo wa kesi ulioandikwa vizuri. Hata aliyekana na kushindwa, kwa rufaa ya kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, ana siku 10 tu za kutoa notisi na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa, ukiondoa siku za kusubiri nakala. Athari za rekodi huonekana miaka minne au mitano baadaye, mtu anapoomba kazi. Wakati huo muda umepita, na maombi ya kuongezewa muda yanataka sababu ya msingi. "Sikujua" mara nyingi haihesabiki kuwa sababu.

Kuna mkanganyiko mwingine unaowaponza watu. Faini ya barabarani ya shilingi 30,000 inayolipwa kwa namba ya malipo bila kufika kwa hakimu haina hukumu ndani yake. Faini ya mahakamani ni adhabu inayofuata kutiwa hatiani, hata iwe shilingi 50,000. Kwa mlipaji zote ni faini na zote zina risiti. Vivyo hivyo kwa makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa katika sheria yetu mwaka 2019: mshtakiwa anapunguziwa adhabu au baadhi ya mashtaka, anarejesha fedha, anatoka, lakini anatoka akiwa ametiwa hatiani. Mazungumzo yale huhusu fedha na miaka ya kifungo. Suala la kazi atakayoweza kufanya baadaye halimo.

2. Alama za vidole zinakwenda, matokeo ya kesi hayarudi.

Mtu akikamatwa na kuchukuliwa alama za vidole, kumbukumbu inafunguliwa kabla hakimu hajasikia hata shahidi mmoja. Hilo halina ubaya, ndivyo upelelezi unavyofanya kazi. Shida ni safari ya kurudi. Kesi inaweza kuisha kwa njia nyingi: mshtakiwa ameachiwa huru baada ya ushahidi, upande wa mashtaka umeondoa shtaka kabla hajajitetea, Mkurugenzi wa Mashtaka ameamua kutoendelea, rufaa imefuta hukumu. Kila njia ina maana yake kisheria. Shtaka likiondolewa kabla ya utetezi mtu anaweza kushtakiwa upya, ilhali aliyeachiwa huru baada ya kusikilizwa hawezi kurudishwa kwa kosa lilelile. Tofauti hizi zote zinategemea karatasi moja itoke mahakamani na ifike kwenye kumbukumbu za alama za vidole. Isipofika, kumbukumbu inabaki na nusu ya habari: alikamatwa kwa unyang'anyi. Basi.

Anayetaka kurekebisha hulazimika kuibeba habari hiyo mwenyewe. Kwanza atafute namba ya kesi na mwaka, kwa mfano Kesi ya Jinai Na. fulani ya mwaka 2011, na jina la mahakama ilikosikilizwa. Kisha aende masjala ya mahakama hiyo kuomba nakala ya hukumu au ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri. Nakala isiyothibitishwa itakataliwa. Kama kulikuwa na rufaa, achukue na hukumu ya rufaa. Halafu apeleke vyote pamoja na kitambulisho cha NIDA, achukuliwe tena alama za vidole, asubiri.

Njiani yanaharibika mengi. Jina kwenye hati ya mashtaka ni Saidi Juma, kwenye NIDA ni Said Juma Ally, na karani anauliza kama ni mtu mmoja, hivyo kinahitajika kiapo cha majina. Namba ya kesi haikumbukwi, maana aliyeachiwa hakupewa karatasi yoyote siku ile na hakujua kama angeihitaji. Jalada la zamani limehamishiwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu na halipatikani kwa siku moja. Mtu wa Gongo la Mboto anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kupoteza siku sita kufuatilia karatasi ambayo serikali inayo tayari katika ofisi yake nyingine.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mtu aliyebambikiwa kesi akashinda, kisha akanyimwa kazi kwa sababu ushindi wake haukuandikwa popote, ametendewa hivyohivyo.

3. Fomu ya ajira inamfunga mtu asipate njia.

Kampuni za ulinzi, maghala ya Barabara ya Nyerere, benki, shule, na mawakala wa kazi za nje wanaomba cheti cha polisi, ambacho wengi wanakiita cheti cha tabia njema, na mara nyingi wanataka kiwe kimetolewa karibuni, hivyo mwombaji anakilipia na kukifuata upya kila baada ya miezi kadhaa. Juu ya cheti kuna fomu yenye swali: Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai? Halina mwaka, halina aina ya kosa, halijali kama ni faini au kifungo cha miaka saba.

Anayejibu ndiyo haitwi kwenye usaili. Anayejibu hapana, akafanya kazi vizuri miaka mitatu, siku ikigundulika anafukuzwa kwa kudanganya, na safari hii kosa ni la kweli. Ndipo vishoka wanapopata biashara. Wanaahidi "kusafisha jina" kwa laki kadhaa, na wanachokabidhi ni karatasi ya kughushi. Kughushi nyaraka kunaweza kumpeleka mtu jela miaka saba. Aliyekuwa na rekodi ya faini anapata rekodi ya kifungo akijaribu kuifuta ile ya kwanza. Tunawaonya watu kila wiki juu ya hili, na kila wiki yupo aliyekwisha kulipa.

4. Watoto wanaingia kwenye rekodi za watu wazima.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu chini ya miaka 18 na imeweka Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu. Kanuni za Beijing za 1985 zinataka kumbukumbu za mtoto aliyekosa ziwe siri na zisitumike dhidi yake ukubwani. Kwenye kitabu tuko vizuri. Kinachotuangusha ni tarehe ya kuzaliwa. Kijana wa miaka 16 asiye na cheti cha kuzaliwa anaandikwa "miaka 18, mtu mzima" kwenye hati ya mashtaka kwa kukadiriwa kwa macho, na kuanzia hapo kila kitu kinakwenda njia ya wakubwa, pamoja na rekodi. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi au kiapo cha mzazi vingetosha kumrudisha kwenye mahakama yake, kama kuna mtu angeviulizia ndani ya siku mbili za kwanza.

5. Makosa ya umaskini.

Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945 ilirithi kutoka kwa Waingereza makosa ya uzururaji, katika vifungu vya 176 na 177. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka haki za binadamu na nchi zizirekebishe au zizifute. Wapo waliokamatwa usiku kijiweni Manzese au Buguruni wakakiri uzururaji asubuhi yake. Rekodi zao zinapaswa kuondolewa bila mtu kuomba.

Waheshimiwa, tunajua yatakayosemwa.

Itasemwa kwamba Rais husamehe wafungwa. Ni kweli, na tunashukuru. Tarehe 9 Desemba 2017 pekee, wafungwa zaidi ya 8,000 walinufaika. Lakini ibara ya 45 ya Katiba inatenganisha mambo: kuna kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia, na kuna kumpunguzia, kumbadilishia au kumfutia adhabu. Misamaha ya sikukuu kwa kawaida hugusa adhabu. Geti la gereza linafunguliwa na hatia inabaki ilipokuwa. Isitoshe, msamaha wa namna hiyo haumfikii kabisa aliyelipa faini, kwa kuwa hakuna adhabu iliyobaki ya kumsamehe. Aliyefanya kosa dogo anakosa njia ambayo aliyefanya kubwa anayo.

Itasemwa kwamba polisi na mahakama wanahitaji kumbukumbu. Wanazihitaji, na hatuombi jalada lolote lichomwe. Mpelelezi aendelee kulinganisha alama za vidole. Mwendesha mashtaka aendelee kumweleza hakimu kama mshtakiwa ana makosa ya nyuma, maana hiyo ni sehemu ya kupima adhabu. Tunachoomba kifungwe ni dirisha la mwajiri. Rejista ni moja lakini wasomaji ni wawili, na hawana haja sawa.

Itasemwa usalama wa raia. Hapa tunakubali zaidi kuliko mnavyodhani. Aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto kingono asifungiwe dirisha lolote anapoomba kazi shuleni au kwenye kituo cha watoto, hata ipite miaka 40. Aliyehukumiwa wizi akiwa mtumishi aweze kuulizwa anapoomba kushika fedha za wengine. Ila dereva wa bajaji aliyekutwa na misokoto ya bangi mwaka 2009 haongezi hatari yoyote kwenye ghala la saruji.

Itasemwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina nafasi ya pekee kwa taarifa za kuzuia uhalifu. Sawa. Lakini sheria hiyohiyo, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na kumwonyesha mtu aliyeachiwa huru kana kwamba kesi yake bado haijaisha hakuzuii uhalifu wowote.

Na itasemwa jambo hili ni geni. Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya sheria zetu za jinai, ina sheria ya ukomo wa hatia tangu 1974, na kwa sasa hatia ya faini huhesabika kuwa imekwisha baada ya miezi 12 kwa mtu mzima. Afrika Kusini inaruhusu makosa madogo yafutwe baada ya miaka 10. Hatusemi tunakili, viwango vyao ni vyao. Na tuwe wakweli kwa wananchi: hata tukipata sheria yetu, fomu ya viza ya Marekani itaendelea kuuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Hilo haliko mikononi mwenu. Kazi za Dar es Salaam ziko mikononi mwenu.

Tunaomba yafuatayo.

Kwanza, na hili halihitaji Bunge: mahakama itume matokeo ya kila kesi kwenye kumbukumbu za alama za vidole ndani ya siku 30, na mshtakiwa aliyeachiwa apewe karatasi moja yenye namba ya kesi, jina kama lilivyo kwenye NIDA, na amri iliyotolewa, siku hiyohiyo, bila malipo.

Pili, hakimu amwambie mshtakiwa sentensi moja kabla ya kujibu shtaka: ukikiri utatiwa hatiani, na hatia hiyo inaweza kuulizwa unapoomba kazi. Kwa kuwa lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili tangu mabadiliko ya 2021, hakuna kisingizio cha tafsiri.

Tatu, cheti cha polisi kinachokwenda kwa mwajiri kionyeshe hatia zilizothibitishwa tu. Kukamatwa, mashtaka yaliyoondolewa na kesi ambazo upande wa mashtaka ulishindwa visionekane. Kanuni zieleze pia, kwa maneno ya wazi, aliyeachiwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyo katika toleo la 2022, aandikweje. Leo kila mtu ana jibu lake.

Nne, uletwe muswada wa ukomo. Tunapendekeza miaka 2 kwa faini na huduma kwa jamii, miaka 5 kwa kifungo kisichozidi miezi sita, miaka 10 kwa kifungo kisichozidi miaka mitano, ikihesabiwa tangu adhabu kumalizika na mhusika asiwe ametenda kosa jingine. Zaidi ya hapo, mtu aombe mahakamani, naye hakimu apime. Makosa ya kingono dhidi ya watoto yabaki nje, kama tulivyosema.

Tano, swali la "kosa lolote" lipigwe marufuku kwenye fomu za ajira. Mwajiri ataje kosa linalohusiana na kazi anayoitoa, na aliulize baada ya usaili, mwombaji akiwa mbele yake na nafasi ya kujieleza.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na mageuzi ya mfumo mzima yako mezani. Suala hili liingizwe humo humo, lisisubiri tume nyingine.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60. Tuko tayari kuja na mifano ya hati za mashtaka, nakala za hukumu na fomu za ajira, majina yakiwa yamefichwa, kukaa na wataalamu wenu siku yoyote ya kazi watakayopanga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Temeke na Ilala,
Dar es Salaam.